Yah: Kukaidi Amri Halali

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Magodoro, Vingunguti.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako niliipata Jumanne saa kumi,
imekunjwa mara nne
kama kikaratasi cha kupigia kura ya upatu.
Umenipa saa arobaini na nane nijieleze
kwa nini nilikataa kuingia stoo namba tatu
kuhesabu mzigo pamoja na Bwana Kasembe.

Naanza na stoo yenyewe, maana hujawahi kufika.
Haina dirisha. Taa ni moja, swichi iko nje.
Magodoro yamepandana mpaka kwenye mabati,
inchi sita, inchi nane, futi tano kwa sita,
na katikati kuna kijia cha kupita ubavu.
Wawili wakikutana humo, mmoja hurudi kinyumenyume.
Yeye harudi.

Na godoro, Meneja, hunywa sauti.
Piga kelele humo uone:
neno lako linazama kwenye sponji kama maji,
na huko nje mashine ya kukata inakata,
watu wanashukuru umeme leo umetulia.

Mimi ni karani. Kazi yangu kuhesabu.
Basi nimehesabu.
Februari, mkono begani: "Pole na joto."
Machi, mkono uleule, bega limeshuka kiunoni.
Siku ya mshahara aliinua hati yangu ya malipo
juu ya kichwa chake, akasema, rukia.
Nikaruka.
Hilo linaniuma kuliko mengine yote:
niliruka,
wapakiaji wakacheka,
na mimi nikacheka.

Aprili taa ilizimika.
Swichi iko nje, nimekwisha sema.
Kilichofuata sikiandiki kwenye karatasi ya kampuni.
Nilitoka na vumbi la sponji kichwani,
kalamu imevunjika,
nikaazima nyingine nikamaliza hesabu:
magodoro mia nne na kumi na mawili.
Ni sahihi. Kagua.

Mama Shukuru wa jikoni alinivuta pembeni:
"Funika kombe, mwanangu, mwanaharamu apite."
Nimefunika, Meneja. Hapiti.
Amevuta kiti, anangoja chai.

Kabla yangu daftari hili alilishika Sikudhani Mpate.
Faili lake mnalo: *ameacha kazi kwa hiari.*
Nilimfuata Kiwalani, anakaanga mihogo jirani na reli.
Nilipotaja stoo namba tatu
hakuuliza ya wapi.
Alipunguza moto, akafuta mikono kwenye kanga,
akaniuliza:
"Swichi bado iko nje?"

Sasa, hiyo amri halali.
Halali ni neno zito.
Hata muuza nyama wa Buguruni hujiuliza mara mbili
kabla hajalipaka rangi mlangoni kwake.
Mimi sikukataa kuhesabu.
Nilisema mlango ubaki wazi,
na Tunu wa upakizi aingie nami.
Yeye akasema nimekaidi.
Wewe ukaandika nimekaidi.
Kati ya kusema kwake na kuandika kwako
hapakupita hata swali moja la kuniuliza mimi.

Naambatisha daftari, kurasa kumi na moja,
lina tarehe, lina saa,
na ukurasa wa mwisho ni wa Sikudhani,
kwa ridhaa yake, kwa mwandiko wake,
una doa la mafuta ya mihogo, mtusamehe.

Barua hii naileta mwenyewe.
Nitasimama mezani kwa katibu muhtasi
mpaka muhuri wa IMEPOKELEWA ugonge nakala yangu,
hata ikiwa saa ya chakula,
hata akisema wino umekauka.
Wino nimekuja nao.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Leokadia Ndimbo,
karani wa stoo.

Nilisahau:
hiyo swichi, wakati mnanijadili,
fundi aihamishie ndani.