Kioo Kisichopita Motoni

Ibri, mtaa wa viwanda, saa nne, jua limeshapanda.
Kazi yangu ni vioo. Mawe ni ya Rafiqul.
Siku hiyo msumeno wake ulilia vingine,
kama uliouma changarawe kwenye wali.
Akazima. Akaniita kwa mkono.

Jiwe lilifunguka kama andazi.
Ndani, wavu:
matundu ya mraba, madogo ndani ya makubwa,
nyuzi zimepishana kama ukili
ambao msusi ameuacha akaenda kufungua mlango.

Mteja hakutaka kujua.
“Lina doa. Mimi nataka jeupe.”
Riali kumi na nane zikatoka mfukoni mwangu.

Jioni Intisar, mwanangu anayesomea miamba,
alilipokea kwa mikono miwili.
Sifongo, baba. Sifongo wa kioo.
Hana mdomo, hana moyo.
Alisimama gizani, chini kabisa, hapa hapa Ibri ilipokuwa bahari,
akachuja maji, akachuja,
na katika baridi ile akajijengea kioo.

Tanuri lake lilikuwa wapi? nikauliza.
Akacheka. Hakuwa nalo.

Mimi nina makovu saba ya kazi hii.
Ninavyojua, mchanga hauwi kioo mpaka uadhibiwe.
Niseme kweli: usiku ule nilimwonea wivu
kiumbe ambaye ukoo wake wote umekwisha.

Na kioo chenyewe hakimo tena, akaniambia asubuhi,
kana kwamba ananificha msiba.
Kiliyeyuka zamani. Chokaa ikaingia mahali pake,
uzi kwa uzi,
kama mpangaji asiyegusa kuta.

Mama, aliyetoka Wete na sanduku moja,
hakuona la ajabu.
“Si dodoki hilo? Dodoki mahali pake bafuni.”
Basi nikalijengea pale, kando ya bomba.

Likikauka ni jiwe tu, rangi ya vumbi letu.
Likilowa, wavu unarudi.

Kila alfajiri mama hulimwagia kata ya kwanza
kabla hajajimwagia mwenyewe.
Hasemi kwa nini, nami sijauliza.
Nipo kitandani, nasikia maji yanaanguka,
kisha kimya kidogo,
kisha maji tena.