Kamera Isiyo na Kioo

Imevaa kama babu aendaye Ijumaa:
mabega ya fedha, ngozi nyeusi,
vigurudumu vitatu utosini, namba zimechongwa.
Niliinunua Mombasa, mkono wa pili,
kwa zamu yangu ya mchezo
na deni dogo kwa Swabra
ambalo hadi leo hatulitaji.

Nilipoingia nayo nyumbani, Langoni,
mama aliacha kuchambua mchele.
"Nani kakwambia uitoe kidakani?"
Akageuka. Kamera ya baba ilikuwa palepale,
kati ya kijaluba cha udi na kopo la vifungo,
lenzi yake ina mtoto wa jicho.
Akaitazama ile, akaitazama hii.
"Basi imezaa," akasema.

Ukiniuliza nitakwambia kweli,
sikulipwa kuisifu.
Navipenda vigurudumu. Saa nane usiku, harusini,
stima imekatika, watu wanatafuta viatu,
kidole changu kinaijua njia:
mibofyo miwili mbele, mmoja nyuma,
kama kinavyozijua shanga za tasbihi.
Naupenda udogo wake. Mselem wa mikate ya mofa,
aliyeikimbia miaka yote midude ya watalii yenye pua ndefu,
aliiona akanyoosha kofia mwenyewe:
"Hiyo ya marehemu baba'ko naijua. Piga."
Sikumsahihisha.

Uzuri wa mkakasi, walisema waliotangulia,
ndani kipande cha mti.
Hii si mkakasi, nilimwambia Swabra,
ndani mna akili: inalitambua jicho la mtu
na kulifuata hata liwe peke yake kwenye nikabu.
Ila siku moja, uchochoro wa Mkomani,
nimemsimamisha bwana harusi mlangoni na joho lake,
ikamwacha, ikafuata jicho la punda.
Punda akatoka safi, kama ndiye aliyelipa.

Na aibu zake sizifichi.
Haina pa kushika. Ubavu mtelezo kama sabuni,
na kiganja cha Februari huku kwetu ni mto.
Nimeifunga kamba mkononi kama mtoto mtoro.
Isiguswe na chumvi, isiguswe na mchanga, isinyeshewe:
aliyeiunda alidhani Lamu iko wapi?
Menyu yake ni ofisi ya ardhi,
waingia dirisha la kwanza, watumwa la saba,
la saba limefungwa kwa chakula cha mchana.
Na betri. Ewe Mola, betri.
Ya baba ilikula picha thelathini na sita, ikashiba, ikalala.
Hii yataka kunyonya kila saa.
Usiku Rukiya alipotolewa nje,
ushungi unafunuliwa, vigelegele vinapasua dari,
skrini ikafumba.
Nikabaki katikati ya wanawake mia mbili
nimeshika kitu cha fedha na ngozi,
kizuri, kimya,
kipande cha mti.

Swabra alicheka hadi wanja ukamtiririka.

Jana mama alitaka picha ndogo za safari ya Umra.
Nikamkalisha mbele ya ukuta wa chokaa,
nikapiga mara nne.
"Tayari."
"Tayari nini? Sijasikia kitu."
Nikamweleza: mlio ule wa zamani
ulikuwa kioo kikiruka tumboni mwa kamera,
na hii haina kioo.
Alinisikiliza vizuri. Kisha akakaa vilevile,
kidevu juu, macho wazi, anangoja,
kama alivyongoja zamani nyuma ya pazia la studio
kabla hajawa mke wa mpiga picha.

Nikazama kwenye menyu. Dirisha la tisa, mkono wa kushoto,
nikaukuta: mlio wa bandia,
umerekodiwa huko mbali na mtu nisiyemjua
kutoka kamera ambayo labda imeshakufa.
Nikaupandisha hadi mwisho.

Tlak.

Mama akashusha mabega.
"Sasa umepiga," akasema,
akatabasamu, na picha ya pasipoti
hairuhusu kutabasamu.
Hiyo ndiyo niliyoichapisha.