Alama ya Kidole

Ziwa hili halina chumvi, Ng'washi.
Upepo wake ukikupiga hapa Ilemela
lamba midomo, uone.
Basi nani kaila titani,
metali isiyojua kutu?

Karakanani, chini ya taa ya zambarau,
ufa umewaka kijani,
mwembamba kuliko unywele,
na umeanzia kwenye alama ya kidole.

Changu.
Siku ile nimetoka Igombe kumzika baba
nikarudi zamu jioni hiyohiyo,
nikalishika bapa la injini bila glavu.
Jasho likakauka. Moto ukalifuata.
Ndege ikapaa, ikatua,
ikapaa.

Makaburini sikulia, walinisema.
Atakayeuliza chumvi yangu niliiweka wapi
mlete hapa, nimwazime lenzi.