Koti Namba Arobaini na Moja

Nyuma ya bembea kubwa, pale Uyole,
watoto wakishateremshwa na kwenda kulala,
ndipo upande wetu ulipoamka:
kumbi nne, taa za kijani,
na mimi mlangoni, napokea makoti.

Baridi ya Julai haina adabu.
Kila koti lilikuja na harufu yake,
kahawa ya Mbozi, dizeli ya Tunduma,
moshi wa kuni uliogoma kutoka.
Nawapa kipande cha bati chenye namba,
wanaingia wepesi, kama waliolipa deni.

Ambakisye alipiga gitaa amefumba macho.
Mwalimu Tusajigwe alicheza peke yake,
viatu mkononi,
na kesho ana kipindi cha kwanza.

Walifunga Jumanne. Hapakuwa na hotuba.
Mlinzi alizungusha mnyororo,
akaniuliza kama chai imebaki.

Sasa ni parachichi, mstari kwa mstari.
Sawa, zinalipa ada.
Ila penye ukumbi wa tatu
saruji ingali chini ya majani,
na mche wa pale umedumaa.

Koti moja halikuchukuliwa.
La kijivu, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Mfukoni, karanga tatu
na tiketi ya basi la Kyela, la alfajiri ile.
Kila Julai nalianika.
Silivai.
Huenda mwenyewe akatokea,
bati mkononi, jasho usoni,
aseme: samahani dada,
nilikuwa bado nacheza.