Goti la Britta

Daktari wa Billings alisema kano imechoka, haijakatika.
Alisema, keti msimu huu, chuo kinakungoja.
Barua ya chuo imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji yao.
Naijua. Nimeisoma nikichukua maziwa:
ada, chumba, vitabu, miaka minne,
yote kwa ajili ya mkono mmoja wa kushoto
usiojua kukosa kikapu.

Tulikuwa saba. Bila yeye, sita.
Shule nzima ina wanafunzi arobaini na mmoja,
mji una ghala la ngano, kanisa la Walutheri, baa mbili,
na ukumbi unaonuka bisi na soksi
ambao Ijumaa usiku hujaa watu
hata waliogombana kwa mipaka ya mashamba.

Kocha Lindquist alizungusha kofia yake mkononi, asiseme kitu.
Baba yake Britta alisema, palepale kwenye pampu ya dizeli:
"Miaka miwili mvua ya mawe imenipiga ngano ikiwa imesimama.
Huyu hapigwi."
Watu wakatazama viatu vyao.
Nani angembishia mtu na mvua yake?

Na mama yake, akikunja taulo: "Akiba haiozi."

Mimi ndiye mchezaji wa akiba, mama Britta.
Miaka mitatu benchi. Najua akiba inavyooza.
Huanzia mapajani, kwa baridi ya ubao,
ikapanda tumboni kila kocha anapogeuka
na kumtazama mtu aliye nyuma yako.
Juni naanza kazi kwa mjomba, kufunga matairi ya matrekta.
Hakuna chuo kilichoniandikia hata kuniuliza jina.
Goti langu halina barua.
Kwako, Britta, huu ni msimu mmoja.
Kwangu ndio mpira wote.

Nilimwambia hivyo, chumba cha kubadilishia nguo,
kwa sauti ambayo sikuipenda.
Hakujibu. Aliushika mkono wangu, akauweka juu ya goti,
akalikunja polepole.
Kitu kikasaga mle ndani
kama changarawe chini ya mlango.
"Unadhani sitaki?" akasema.

Tukacheza sita.
Tulifungwa Novemba, tukafungwa Desemba,
tukafungwa na shule ambayo kocha wao aliomba radhi.
Njiani usiku, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
basi likikohoa, pacha wa Amundson wamelaliana,
Britta alikaa mbele, na suruali ya jinzi,
blanketi gotini, daftari la alama mapajani.
Alikuja kila mechi. Hakuna aliyemlazimisha.
Februari, kule Harlan Butte,
nilifunga pointi tisa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kurusha.
Wengine wote daftarini ni namba.
Mimi, siku hiyo, aliniandika jina zima, Tess Pruitt,
kwa penseli, akaikandamiza mpaka karatasi ya chini.

Tulifungwa siku hiyo pia.

Machi chuo kimebadilisha kocha.
Huyu mpya hajapiga simu.
Barua ingali kwenye friji, sumaku ileile,
na siku hizi watu wa nyumba ile
wanafungua mlango huo wakitazama pembeni.
Baba yake hajasema alikosea. Sijui kama alikosea.
Angecheza, kano ikakatika, tungesema nini leo?
Nimelipindua swali hili kitandani
kila upande lina mwiba.

Jioni tunakwenda nyuma ya ghala,
kwenye kikapu kisicho na wavu.
Theluji imekuwa tope. Yeye anarusha akiwa amesimama,
mimi naokota, nafuta mpira kwenye koti, narudisha.
Arobaini na tatu. Arobaini na nne.
Visigino vyake vinaanza kuinuka.
"Usiruke," namwambia.
Haruki.
Bado.