Bado Mia Mbili

Kwenye kibanda cha video cha Masunga, pale Ng'ambo,
usiku ule waliweka picha ya zamani, nyeusi na nyeupe,
ya kijana fukara aliyeamka tajiri
kwa wosia wa mjomba asiyemjua.
"Imetoka kitabuni hiyo," alisema Masunga,
kama mtu anayetetea bei ya kiingilio.
Mimi nilikuwa mlangoni na karanga zangu.

Kiti cha mbele, cha plastiki, chenye mikono: Nkwabi.
Zamani tulibanana naye benchi la nyuma,
ubao ukitufinya mapaja.
Kisha reli mpya ikapita katikati ya shamba la baba
na fidia ikaandikwa jina lake peke yake;
mimi nilishaolewa, walisema,
na nilipoachika hakuna aliyerudi na kalamu.

Mtafsiri alikuwa amelewa kidogo,
sauti yake ikipanda mgongoni mwa Kizungu:
"Jamaa hajui uma upi ni wa samaki! Mtazameni!"
Watu wakacheka. Nkwabi akawazidi wote,
mguu juu ya mguu, kiatu kikimeta kwa mwanga wa runinga.

Halafu dada wa yule kijana akaja mjini
na kikapu, na kofia iliyokaa upande.
Wageni wakauliza, huyu nani?
Mtafsiri akasita.
"Anasema... anasema huyu ni mama wa mayai."

Mwezi wa tano nilipeleka michembe Isevya,
kwenye nyumba ya geti linalojifungua lenyewe.
Walikuwepo watu wa funguo za magari mezani.
Hakuniita ilumbu. Alisema,
"Huyu huniletea asali."
Na wala haikuwa asali.

Umeme ukakatika hapo hapo.
Masunga akaomba mchango wa petroli ya jenereta,
na gizani, ile sauti ya kiti cha mbele: "Nalipa mimi."
Akatoka kupunga hewa. Akanikuta.
Kule stesheni treni ikapiga honi, ndefu, ikanyamaza.

"Nipe za mia tano," akasema,
akanyoosha noti ya elfu kumi.
"Chenji kaa nayo, da' Kabula."

Nikawasha tochi ya simu, nikaibana kwa meno.
Nikahesabu noti zenye selotepu,
sarafu zenye chumvi ya karanga,
moja moja kiganjani mwake,
mpaka jenereta likaanza kunguruma.
"Picha inaendelea," akasema.
Nikaitoa simu mdomoni.
"Ngoja. Bado mia mbili."