Maji Hupandaje Kadutu

Saa kumi alfajiri bomba la njia panda
linakohoa, kisha linatema.
Sisi wa mlimani tunashuka na bidoni za njano,
tunapanda nazo mgongoni, kamba kwenye paji la uso,
tumeuma meno.
Hakuna maji yanayopanda Kadutu kwa hiari yake.

Baba yangu Zihalirwa
aling'olewa meno tisa mwezi wa kwanza,
na mengine yakafuata yenyewe, kama wageni
walioona mwenyeji amezima taa.
Tangu hapo ni uji. Uji wa soya, uji wa mtama,
viazi vilivyopondwa hadi vikasahau kuwa ni viazi.
Anameza, hatafuni. Bakuli linaisha kabla hatujaulizana hali.
Na mezani, pale taya zake zilipokuwa zikivuma
hata marehemu mama akauliza, "Mzee, unabomoa nyumba?"
imebaki sauti ya kijiko.

Ndipo majina yakaanza kuhama.
Kwanza la jirani.
Kisha la kiwanda alikosaga magome ya kwinini
miaka ishirini na sita.
Jumapili moja akaniuliza, kwa adabu nyingi,
kama mimi ndiye mpangaji mpya.

Muuguzi Namegabe, zahanati ya juu ya soko,
alimfunga kile kitambaa mkononi, akabonyeza kipira, akahesabu,
akaniambia: punguza munyu. Punguza mawese.
Mpe lengalenga, maharage, sambaza hata wa fungu dogo.
Kisha akaweka vidole viwili kwenye panja langu.
"Tafuna."
Sina kitu mdomoni.
"Tafuna hewa."
Nikatafuna hewa ya zahanati, spiriti na mvua,
na chini ya vidole vyake kitu kikainuka, kikalala, kikainuka.
"Damu nayo ina mlima wake," akasema.
"Siahidi kitu, dada. Ila hilo taya, lipe kazi."

Magego matatu yamembakia, yote kushoto,
kama mafiga yaliyosahauliwa mvuani.
Juu ya mafiga hayo nikateleka sambaza mmoja,
mkavu, mwenye kichwa na macho yote mawili.
Baba akamgeuza mdomoni
kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mfuko wa koti la zamani.
Nikakaa ubavuni, simu yangu ikitumika kama taa,
macho kwenye panja lake.
Mshipa umelala pale, mwembamba, rangi ya ziwa siku ya mawingu.
Taya likashuka.
Likapanda.
Mshipa ukafumbua jicho.

Nikawaona (nadanganya, sikuwaona, nilitaka tu)
wanawake wadogo wadogo ndani ya shingo yake
wakipanda na bidoni, kamba kwenye paji,
wakipumzika kidogo nyuma ya sikio,
wakiendelea,
mmoja akimwaga nusu bidoni kwenye chumba cha majina,
mmoja akibisha mlango baada ya mlango:
hodi, ni hapa anapokaa yule mpangaji?

Alimtafuna samaki yule dakika saba. Nilihesabu.
Kisha akameza, akanitazama,
akatoa sentensi yake ya kwanza kamili tangu Pasaka:
"Nani alipika hii bila munyu?"

Nilicheka hadi nikashika meza.
Jina langu hakulitaja. Wala kesho yake.
Keshokutwa aliniita Cibalonza, ambaye ni shangazi,
lakini ni wa ukoo, ni nyumba ya tatu kutoka kwangu.
Maji yamefika karibu.

Leo tena bomba linakohoa.
Najifunga kamba, nachukua bidoni, nasukuma mlango taratibu
nisimwamshe.
Na nyuma yangu, gizani, upande wa kabati la vyombo,
nasikia: kru.
Kimya.
Kru, kru.
Ameshaamka. Anaiba sambaza.